Kamongo Amelala Ubavu

Nilitoka matangani Vihiga Jumapili moja ya Februari, viatu vimejaa vumbi jekundu na sauti imenikauka kwa nyimbo za kesha. Kabla sijavua koti nilienda kwenye tangi la maji, kona ya sebule, anakokaa Kamongo. Saa hiyo ya jioni huwa amejibanza ndani ya chungu chake kilichovunjika mdomo, kichwa pekee kikichungulia. Siku hiyo nilimkuta mbele kabisa, karibu na kioo, amelala ubavu.

Niligonga kioo kwa ukucha mara mbili. Huo ndio wito wake wa chakula, na amekuwa akiuitikia kwa miaka kumi na miwili. Mkono wa kulia ulisogea, kisha wa kushoto. Miguu ya nyuma haikusogea. Ilikuwa imenyooka tu, kama kamba za viatu zilizofunguka.

"Basi, uzee," nikamwambia mke wangu.

"Amekula chumvi nyingi huyo," akajibu, naye akaenda kupasha chakula. Nikala, nikaoga, nikalala. Naandika hilo bila kulipamba, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote yaliyofuata.

Kwa wasiomjua, Kamongo si kamongo. Ni aksolotli, aina ya salamanda anayeishi majini maisha yake yote, asili yake maji baridi ya Xochimilco, kusini mwa Mexico City. Chura akikua huacha mkia na matamvua, akapanda nchi kavu. Huyu ni kama kiluwiluwi aliyekataa kuhama kwao: hukua, huzaa, huzeeka, na matamvua yake bado yananing'inia nje ya shingo kama pindo za leso, matatu kila upande. Siku mke wangu alipomwona mara ya kwanza alisema, "Hiki ni kitoto cha kamongo," na jina likaganda. Yeye kwao ni Homa Bay, samaki amewajua kabla ya kujua kusoma, wala hakukosea sana. Kamongo wa ziwani akiangulika huwa kweli na matamvua ya nje.

Alinifikia mwaka 2013. Nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya binafsi Nakuru, na mwalimu wa biolojia aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo aliniachia tangi, pampu, daftari, na viumbe wawili wenye urefu wa kidole cha kati. Aliniambia kwamba wengi wa aksolotli wanaofugwa duniani wana damu ya kundi la 34 lililopelekwa Paris mwaka 1864, na kwamba huko kwao Xochimilco sasa wamebaki wachache sana. Nilimsikiliza kwa adabu huku nikiwaza nani atalipia chakula chao. Baadaye nikagundua wanakula nyungunyungu, na nyungunyungu Nakuru ni koleo moja tu chini ya migomba.

Yule wa pili alikufa mapema. Kabla ya kufa alimng'ata Kamongo mguu wa mbele akauondoa wote kuanzia kiwiko. Hiyo ilikuwa 2015. Nilidhani mambo yamekwisha. Baada ya wiki mbili kikatokea kinundu cha nyama, kikawa kama kijiti, kijiti kikagawanyika, na muhula haujaisha nikawaita wanafunzi wa kidato cha pili waje wahesabu vidole: vinne, kamili, kama mwenzake. Tangu siku hiyo nikawa nikimwona Kamongo kama mtu mwenye bima ya mwili mzima.

Nakuru hakunisumbua. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,800, na chumba cha maabara kilikuwa na sakafu ya saruji isiyopata jua. Maji yalikaa nyuzijoto 16, 17, siku mbaya 19. Shida ilianza nilipostaafu mwaka 2021 na kumfuata mke wangu Kisumu. Nilimbeba ndani ya sanduku la barafu, nimelipakata kwenye matatu kutoka Nakuru. Tulipokuwa Kericho mambo yalikuwa shwari, baridi inapita dirishani, majani ya chai pande zote. Tulipoteremka kuelekea Ahero nilihisi joto likinipanda kifundoni kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto, nikajua nimemletea mzee wa watu balaa.

Aksolotli hapendi maji yapite nyuzi 20. Hapa Migosi ninapokaa, Januari na Februari, maji ya tangi yakiachwa yenyewe hufika 26 au 27 mchana. Kwa hiyo tuna utaratibu. Feni ndogo inapuliza juu ya maji mchana kutwa, nayo hupunguza nyuzi mbili tatu kwa sababu maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Chupa za lita mbili zilizogandishwa hubadilishwa asubuhi, adhuhuri na usiku. Maji ya mfereji hulala kwenye mtungi siku nzima ili klorini itoke, na nikiwa na haraka natia punje za sodiamu thayosalfeti, kiasi cha ncha ya kisu. (Aliyefanya titresheni za kidato cha nne anaijua chupa hiyo. Mimi niliziandaa miaka ishirini na sita.) Na kila kitu kinaandikwa kwenye daftari: saa, joto, amekula nini, amepata choo au la.

Usiku ule wa kurudi matangani niliamka saa tisa. Kilichoniamsha si Kamongo. Ni mkongojo.

Mama yangu aliacha kutembea mwaka 2016, akiwa na miaka 79. Jumatatu alikuwa akipalilia mboga, Alhamisi hawezi kusimama. Tulikaa watoto watano, tukatazamana, tukakubaliana kwamba ni uzee. Tukamnunulia mkongojo mzuri wa mti mgumu. Siku ya tisa alianza kuzungumza na marehemu baba kana kwamba amekaa naye jikoni, ndipo tukampeleka hospitali. Walipima damu wakakuta sodiamu imeshuka vibaya kwa sababu ya dawa ya presha, ile inayomkojoza mtu. Walibadilisha dawa, wakarekebisha polepole, na baada ya majuma mawili mama alirudi shambani. Aliishi miaka minne zaidi. Mkongojo hakuugusa hata mara moja. Jumamosi hiyo ya matanga nilikuwa nimeuona, bado umeegemea ukuta nyuma ya mlango, na bei imeandikwa kwa chaki.

Nikawasha tochi ya simu nikaenda sebuleni. Feni ilikuwa inazunguka. Pampu ilikuwa inanguruma. Nikatumbukiza kipimajoto nikasubiri: 27. Nikafungua daftari. Maandishi ya mwisho yalikuwa yangu, ya Alhamisi asubuhi kabla ya safari. Baada ya hapo, ukurasa mweupe.

Mpwa wa mke wangu ndiye niliyemwachia nyumba. Ana miaka kumi na minane, anasubiri kuitwa chuo, mtoto mwenye moyo safi ambaye hawezi kula bila kumkaribisha mwenzake. Nikamgusa bega.

"Feni ilizimwa?"

"Stima ilipotea, Anko. Ijumaa usiku. Ikarudi leo mchana."

"Chupa za barafu?"

"Zote ziliyeyuka."

"Na chakula?"

Hapo akanyamaza kidogo. "Nilimpa wale minyoo wote wa kwenye kopo. Nilimwona amenyamaza, nikafikiri ana njaa. Mgeni wako asilale njaa, Anko."

Kwenye kopo niliacha kumi na wanne. Mzee wa umri wa Kamongo hula mmoja, siku ya leo, ya kesho apumzike. Nikakunja mkono wa shati, nikainua chungu, na nyuma yake nikakuta nyungunyungu sita au saba waliolegea na kuwa kama uji wa kijivu. Harufu ilinipanda puani nikaielewa kabla ya kipimo. Nilitia matone kwenye kichupa hata hivyo. Kipimo cha amonia kikibaki njano, maji ni salama. Changu kilienda kijani, si kijani cha shaka.

Kwa anayetaka kujua ilivyokwenda: ndani ya kichujio huishi bakteria ambao kazi yao ni kuigeuza amonia kuwa nitraiti, kisha nitreti isiyo na ukali mwingi. Bakteria hao wanahitaji oksijeni, na oksijeni huletwa na maji yanayopita. Pampu ikisimama siku moja na nusu, wengi hufa. Wakati huohuo maji yanapata joto, na amonia ikiwa katika maji ya joto sehemu kubwa zaidi huwa katika umbo lile linalounguza. Ongeza minyoo inayooza. Mnyama anayepumua kwa matamvua na ngozi hana pa kukimbilia. Mimi nilikuwa Vihiga nikiimba.

Sikumkemea yule kijana. Sikuwa na haki hiyo, maana yeye alikosea kwa kutojua, nami nilijua kila kitu na nikaenda kulala.

Mambo ya usiku ule niyapitie haraka. Nilimtoa kwa mikono miwili nikamweka kwenye chombo cha plastiki chenye maji safi ya mtungi. Nikaanza kushusha joto kidogo kidogo, kwa maana kumtoa 27 kumpeleka kwenye baridi kali papo hapo kunaweza kumuua kuliko amonia yenyewe. Kulipokucha tulikuwa 20. Kufikia saa saba mchana tulikuwa 12. Kisha nikafanya lile ambalo wafugaji wa wanyama hawa hulifanya kwa mgonjwa, na ambalo sikuwahi kulithubutu: nikamwingiza kwenye friji.

Wacha nilieleze vizuri kwa sababu nyumbani kwangu jambo hili limekuwa hadithi ya ukoo. Chombo kina mfuniko uliotobolewa matundu. Kinakaa rafu ya chini, ambako friji yetu husoma nyuzi 7. Baridi hiyo hupunguza kasi ya mwili wote, na vijidudu vinavyomshambulia hupunguza mwendo pia. Halishwi, kwa kuwa tumbo halisagi chakula. Maji hubadilishwa yote kila siku, na yale mapya lazima yawe na ubaridi uleule, kwa hiyo kunahitajika chombo cha pili, cha maji ya kesho, kando yake. Vyombo viwili. Katika friji ambayo tayari ina maziwa, sukuma wiki, nusu ya tikiti, na sufuria ya omena.

"Mzee," mke wangu alisema akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni, "friji si hospitali."

"Siku tisa tu."

"Na omena wangu?"

"Omena amekufa tayari. Huyu bado."

Aliondoka bila kunijibu. Jioni nilikuta ameisogeza ile sufuria juu na kutandika kitambaa cheusi juu ya chombo ili taa ya friji isimsumbue mgonjwa kila mlango ukifunguliwa. Hilo mimi sikuwa nimeliwaza.

Alhamisi akina mama wa kanisa walikuja kwa mkutano wao wa chama. Mmoja wao, mama mkubwa kwa cheo na kwa umbo, alienda mwenyewe kujichukulia soda. Akafunua kitambaa. Sauti aliyotoa iliwaleta majirani wa nyumba mbili. Alipotulia aliuliza kama tunamla. Mke wangu, ambaye kwa miaka kumi amekuwa akimwita "huyo mnyama wako", akamjibu kwa ukali, "Huyo ni mgonjwa wetu." Ombi la mwisho la mkutano lilimtaja Kamongo kwa jina, na mimi, nikiwa nje kwenye kibaraza nikibadilisha maji ya mtungi, niliitikia amina.

Daktari wa mifugo nilimpata kwa bahati. Alikuwa amekuja kwa jirani mwenye ng'ombe wa maziwa, nikamwomba apite. Alinawa mikono, akachuchumaa mbele ya friji, akatazama kwa muda mrefu.

"Mzee, nikudanganye? Huyu sikumsoma hata ukurasa mmoja."

Nilimpenda palepale. Akaomba mzani wa jikoni. Gramu 118, daftari lilionyesha 131 mwezi wa Desemba. Akamulika tumbo kwa tochi kutoka chini, akitafuta kitu kilichoziba, kwa sababu aksolotli humeza mawe kwa kunyonya chakula na mawe hayo humkwamia. Hakuona, wala tangini mwangu hakuna changarawe. Akambana kidole cha mguu wa nyuma kwa kibano, polepole. Mguu haukurudi nyuma. Akabana mkia. Mkia ukapiga maji yakamrukia usoni.

"Si wanasema hawa wakikatwa mguu unaota?" akauliza akijifuta.

Nikamsimulia ya 2015. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama ile miguu miwili iliyolala, vidole vitano vitano, hakuna hata kimoja kilichopungua.

"Basi hii imebaki," akasema. "Hakuna kilichokatwa cha kuota."

Aliniambia anaweza kunipa antibayotiki ila atakuwa anabahatisha kipimo, na kwa mnyama wa uzito huo kubahatisha ni hatari. Alikataa pesa. Alichukua picha mbili na akasema atawauliza waliomfundisha.

Nilikuwa nimesoma kuhusu kumwogesha mgonjwa maji ya chumvi. Nikakataa, ngozi yake ilikuwa imeungua tayari. Kitu pekee nilichoongeza ni jani la mkungu. Langoni mwa mtaa wetu kuna mkungu mkubwa ambao watoto huurushia mawe kutafuta kungu. Jani lake likikauka likageuka hudhurungi na kulowekwa, hutoa rangi kama ya chai nyepesi, na wafugaji wa samaki wanalisifu kwa kutuliza ngozi na kuzuia ukungu. Niliokota moja, nikalisafisha, nikaliloweka. Sijui lilisaidia kiasi gani. Lilinisaidia mimi, maana nilikuwa na cha kufanya.

Siku ya tatu alipata choo. Nilipiga kelele za furaha hadi kijana akaja mbio akidhani nimeanguka. Siku ya sita, nilipofungua mlango asubuhi, alikuwa hajalala ubavu. Alikuwa amesimamia mikono miwili ya mbele, kifua juu, matamvua yamerudi rangi ya damu, na nusu ya nyuma imetulia chini kama gunia. Nilifunga mlango polepole. Nikafungua tena kuhakikisha.

Siku ya kumi tukamtoa, tukampandisha joto kidogo kidogo kwa siku nzima mpaka 16.

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Miguu ya nyuma haijarudi. Hata akiwa kijana sidhani ningeweza kusema ni amonia peke yake, au joto, au vyote vikiwa vimeufikia uti wa mgongo uliokwisha kuchoka. Daktari alinipigia akasema waliomfundisha nao wamekuna vichwa. Kuna siku nasema ile siku moja na nusu ndiyo iliyomvunja. Kuna siku namtazama anavyochelewa kuzibua mdomo mbele ya chakula nakumbuka kwamba wengi wao huishi miaka kumi hadi kumi na mitano, nasi tuko ndani ya hesabu hiyo. Uzee upo. Ila siku hiyo ulikuwa wa pili mlangoni, nami nilimfungulia wa pili nikamwacha wa kwanza ndani ya tangi.

Tangi la kioo tumeliweka kando. Sasa anaishi kwenye beseni pana, la aina ile ya kufulia, maji kimo cha shubiri moja, ili akitaka kuvuta hewa juu asihitaji kuogelea. Chini nimetandika vigae vya bafu vilivyokwaruzwa upande wa juu, mikono ipate pa kushika. Hujivuta. Safari kutoka kwenye chungu hadi upande wa pili inamchukua karibu robo saa, na njiani hupumzika mara tatu. Feni iko, chupa ziko, na tumeongeza betri ya gari inayoweza kuendesha pampu usiku kucha stima ikipotea.

Kijana ameitwa chuo Maseno, ambako si mbali, kwa hiyo wikendi huwa nyumbani. Kuchimba nyungunyungu ni kazi yake aliyojitwalia mwenyewe bila kuambiwa. Humsuuza nyungunyungu kwa maji ya mtungi, humkata vipande viwili, humpa Kamongo kimoja kwa kibano na kukaa hapo mpaka kimeshuka. Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka soko la Kibuye nikakuta amelala kwenye kochi, simu kifuani. Daftari lilikuwa wazi juu ya meza, na mwandiko ni wake, herufi kubwa za mtu anayetaka kusomeka:

SAA 1:20 JIONI. JOTO 17. KIPANDE KIMOJA. AMEKULA. CHA PILI NIMEKITOA.